Chunusi hazitibiwi kwa sindano ya B12

Wasomaji wanaoniandikia kuhusu chunusi karibu wote huuliza jambo moja: ninywe vitamini gani uso utakate? Wengine wameshachomwa sindano za B12, wakiambiwa zinaondoa "damu chafu". Hakuna damu chafu inayozaa chunusi. Chunusi huanzia kwenye kitundu cha kinyweleo kilichozibwa na mafuta na seli zilizokufa, anamoishi bakteria aitwaye Cutibacterium acnes.

Tena kwa baadhi ya watu, sindano hiyo huweza kuzichochea. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha matokeo ya kuwachoma B12 watu 10 wasio na chunusi. Wiki moja baadaye, mmoja wao zikamtoka. Mtu mmoja ni ushahidi mdogo, lakini mabadiliko waliyoyaona ndani ya bakteria yanafikirisha.

B12 ni koenzaimu: bila yake, baadhi ya vimeng'enya, vyetu na vya bakteria, havifanyi kazi. Sisi huipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Bakteria huyu hujitengenezea mwenyewe. Malighafi yake hupita kama maji ya mfereji wenye matawi mawili: tawi moja huishia kwenye B12, jingine kwenye kemikali ziitwazo porfirini. Mwenye ngozi akijazwa B12, bakteria hupunguza kazi ya jeni zake za kuitengeneza. Kwa maelezo ya watafiti, malighafi iliyobaki huelekea upande wa porfirini. Na kweli, maabarani bakteria walioongezewa B12 walizalisha porfirini nyingi zaidi. Hizo huchokoza seli za ngozi, kinga ya mwili ikapamba moto, na hapo ndipo huja wekundu, uvimbe na usaha.

Na zile tiba nyingine za mtaani, limau, dawa ya meno, "ukiolewa zitakwisha": tumechoka nazo. Krimu za kung'arisha zilizotiwa steroidi ni mbaya zaidi, maana steroidi yenyewe huotesha chunusi.

Osha uso kwa sabuni laini mara mbili kwa siku, usizikamue, na mwulize mfamasia kuhusu benzoili peroksaidi au adapaleni. Isotretinoini, jamii ya vitamini A, ni ya daktari pekee na ni marufuku kwa mjamzito. Uliyeandikiwa B12 kwa upungufu, usiiache bila kumwona daktari.

Asiye na upungufu hana cha kutibu kwa sindano hiyo. Anayekuuzia, mdai kwanza majibu ya kipimo cha damu yako. Akikosa, ondoka na pesa zako.