Mnyororo wa ugavi wa nyuzi za hempu

Mnyororo wa ugavi wa nyuzi za hempu ni mfululizo wa hatua zinazoanzia kwenye mbegu na shamba hadi nyuzi zinapofika katika kiwanda cha kamba, nguo, karatasi au vifaa vya ujenzi. Hempu ni aina za mbangi (Cannabis sativa) zenye kiasi kidogo sana cha THC, kemikali inayolevya. Ni tofauti na katani, ambayo hutokana na majani ya mkonge.

Hatua

Hempu ya nyuzi hupandwa kwa kubanana ili irefuke bila kutoa matawi mengi. Baada ya kukatwa, mabua huachwa shambani kwa wiki kadhaa. Umande, kuvu na bakteria huozesha gundi ya asili inayoshikilia nyuzi kwenye bua. Mabua yakiozeshwa kupita kiasi, nyuzi hudhoofika. Yakiozeshwa kidogo, hazibanduki vizuri. Kisha hukaushwa, hufungwa matita na kupelekwa kiwandani, ambako mashine huvunja kiini kigumu na kutenganisha nyuzi.

Matita huchukua nafasi kubwa kuliko uzito wake, hivyo kuyasafirisha mbali ni gharama. Kwa sababu hiyo kiwanda cha kutenganisha nyuzi huhitajika karibu na mashamba.

Historia

Katika karne ya 18 jeshi la majini la Uingereza lilitegemea sana hempu ya Urusi kwa kamba za meli. Mwaka 1807, Urusi ilipokubaliana na Napoleon kuzuia biashara ya Uingereza, ugavi huo ulikuwa hatarini.

Marekani ilipatwa na tatizo la namna hiyo mwaka 1942, baada ya Japani kuiteka Ufilipino, chanzo kikuu cha nyuzi za abaka, mmea wa jamii ya mgomba. Serikali ilihimiza kilimo cha hempu, ikajenga viwanda katika majimbo ya kati-magharibi na kuzalisha mbegu Kentucky. Wakati huohuo katani ya Tanganyika na Kenya ilipata umuhimu mkubwa kwa nchi za Muungano. Vita vilipokwisha, serikali iliacha kununua hempu, viwanda vikafungwa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 kilimo hicho kilikuwa kimekoma. Sheria ya mwaka 2018 iliporuhusu tena hempu nchini kote, wakulima walikuta viwanda vya kutenganisha nyuzi ni vichache.

Ufaransa haikuacha kulima hempu, kwa kuwa karatasi maalumu, kama ile ya sigara, iliendelea kuwa na wanunuzi.

Kuimarisha mnyororo

Mnyororo huwa imara zaidi pale ambapo:

- mbegu hutoka katika vyanzo zaidi ya kimoja na zimepimwa, kwa sababu zao linalozidi kiwango cha THC kinachoruhusiwa huweza kuharibiwa kwa amri ya sheria;
- mkulima na kiwanda huwa na mkataba kabla ya kupanda;
- kuna maghala makavu, kwani mavuno ni ya msimu lakini kiwanda hufanya kazi mwaka mzima;
- kila sehemu ya mmea ina soko: nyuzi, mbegu, na kiini kinachotumika kama matandiko ya mifugo au kuchanganywa na chokaa kwa ujenzi.

Tazama pia

- Katani
- Mkonge
- Pamba