Manahodha Watano, Chombo Kimoja

Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sikudhani msemo huo wa mabaharia ungewahusu watu wa senema, hata juzi usiku nilipoketi na watoto wa ndugu yangu kuitazama "Casino Royale". Ile ya mwaka 1967, si ile ya 2006.

Hiyo ni senema ya kijasusi iliyokusudiwa kuchekesha, wala haikutengenezwa kwa vitu haba. Charles K. Feldman, aliyekuwa na haki ya kitabu hicho cha Ian Fleming cha mwaka 1953, aliwakusanya mabingwa watupu: David Niven, Peter Sellers, Orson Welles, Deborah Kerr, Ursula Andress na Woody Allen. Fedha nazo zilimiminwa hata zikafika kiasi cha dola milioni 12, mali nyingi kwa siku zile.

Kilichokosekana ni mshika usukani. Waongozaji waliotajwa ni watano: John Huston, Ken Hughes, Val Guest, Robert Parrish na Joe McGrath, kila mmoja na kipande chake. Mambo yakazidi pale Sellers na Welles waliposhindwa kupatana. Katika hadithi wawili hao wanakabiliana kwenye meza ya kamari, lakini sehemu kubwa ya mchezo huo kila mmoja alipigwa picha mwenziwe hayupo. Kisha Sellers akaondoka kabla ya kazi yake kwisha, na Guest akaachiwa kushona viraka.

Na viraka vyaonekana. Sellers anatoweka ghafula, bila hata ya kwaheri. Majasusi kadha wa kadha wanapewa jina la James Bond ili adui atatizike. Aliyetatizika ni mtazamaji. Mtoto mmoja akaniuliza, "Ami, Bond hasa ni yupi?" Sikuwa na jawabu. Mwishowe wachunga ng'ombe wa Marekani wakaingia mbio, jumba likalipuka, nasi tukabaki kutazamana.

Sisemi kwamba haina kitu. Muziki wa Burt Bacharach ni mtamu hadi leo, na senema yenyewe ilirudisha gharama zake kwa faida. Lakini pato silo kipimo cha ufundi. Mzaha hutaka mtu mmoja wa kuutayarisha mapema na kuutoa kwa wakati wake. Akiutayarisha huyu na akautoa yule, kicheko hakiji.

Hili nawaambia pia vijana wetu wanaotunga michezo ya kuigiza. Mashauri yapokeeni kwa wengi, ila usukani aushike mmoja. Mwaka 2006 kitabu kile kile kilikabidhiwa mwongozaji mmoja tu, Martin Campbell, na safari hiyo chombo kilifika bandarini.