Wimbo Nyuma ya Bidhaa: Haki za Muziki katika Video Fupi za Biashara

Video fupi inayoonyesha bidhaa ni tangazo, hata ikiwa imerekodiwa kwa simu ya mkononi na inadumu sekunde 15 tu. Katika kata ya Kashai, Manispaa ya Bukoba mkoani Kagera, muuza senene anaweza kurekodi pakiti zake asubuhi, akaziwekea wimbo unaovuma, na jioni oda zikaanza kuingia kutoka Mwanza na Dar es Salaam. Vivyo hivyo mwenye saluni, fundi cherehani, au mkulima wa Kamachumu kule Muleba anayeuza kahawa iliyosagwa. Wimbo ndio uliomfanya mtazamaji asipitilize, kwa hiyo nao umeshiriki kuuza. Sheria ya hakimiliki inataka kujua kama wenye wimbo waliridhia utumike kwa kazi hiyo.

Wimbo mmoja, wenye haki wengi

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Kwa sheria ya Bara, kazi ya sanaa inalindwa tangu ilipobuniwa, hata kabla ya kusajiliwa popote. Haki za mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake.

Kila wimbo uliorekodiwa una tabaka mbili za haki. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na sauti zake, ambao ni mali ya mtunzi au mtu aliyeuziwa haki hizo. Ya pili ni rekodi yenyewe, ambayo mara nyingi humilikiwa na prodyuza au lebo iliyogharimia studio. Waimbaji na wapigaji nao wana haki katika yale waliyoimba na kupiga. Haki hizo, pamoja na zile za rekodi, ndizo hakishiriki.

Mfano mzuri umetoka Kagera kwenyewe. Wimbo wa Saida Karoli, mzaliwa wa Bukoba aliyetamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa nyimbo za Kihaya, ulipewa sura mpya mwaka 2016 katika "Salome" wa Diamond Platnumz na Rayvanny. Mfanyabiashara anayetaka kutumia rekodi hiyo ya 2016 kutangaza duka lake anakutana na utunzi wa awali, maneno yaliyoongezwa, sauti za waimbaji na rekodi mpya. Ruhusa ya mmoja wao peke yake haitoshi.

Leseni ya kupiga na leseni ya kuoanisha

Wafanyabiashara wengi wanaijua leseni ya kupiga muziki hadharani, ile inayolipiwa na baa, hoteli na mabasi. Leseni hiyo inaruhusu wateja wasikie muziki mahali pa biashara. Kuuweka wimbo chini ya picha za video ni tendo jingine, nalo lina leseni yake: leseni ya kuoanisha muziki na picha. Kwa kawaida hutolewa na wenye haki wenyewe, kwa bei ya makubaliano.

Tofauti hiyo ilijitokeza wazi nchini Kenya Mei 2022. Kundi la Sauti Sol lililalamika kwamba muungano wa kisiasa wa Azimio la Umoja ulitumia wimbo wao "Extravaganza" katika video ya kumtangaza mgombea mwenza wa Raila Odinga bila kuwaomba ruhusa. Hoja ilipotolewa kwamba muungano ule ulikuwa na leseni ya kupiga muziki hadharani, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ilifafanua kuwa leseni hiyo haihusu kuoanisha wimbo na video. Kinachohusu chama cha siasa kinahusu pia kinyozi aliyelipia muziki wa saluni yake: malipo yale hayaendi na video anazoposti.

Kwa nini akaunti ya biashara hunyimwa nyimbo

Mitandao ya kijamii hulipia muziki kwa mikataba na lebo pamoja na wachapishaji wa muziki. Mikataba hiyo, kwa sehemu kubwa, inahusu watu binafsi wanaojiburudisha. Ndiyo maana tangu mwaka 2020 TikTok imezielekeza akaunti za biashara kwenye maktaba maalumu ya muziki wa kibiashara, na Instagram huzipunguzia akaunti za aina hiyo nyimbo za kuchagua. Mtu anayebadili akaunti yake kuwa ya biashara hushangaa nyimbo alizozizoea zimetoweka. Wengine hurudi kwenye akaunti binafsi ili wazipate. Kufanya hivyo hakubadilishi asili ya video: ikiwa inauza bidhaa, au mwenye akaunti amelipwa ili aisifie, bado ni tangazo.

Ruhusa ya mtandao nayo ina mwisho. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mkataba kati ya TikTok na Universal Music ulimalizika bila kuhuishwa, na video zilizotumia nyimbo za kampuni hiyo zikazimwa sauti hadi pande hizo zilipoafikiana Mei mwaka huo.

Hatari zilizopo

Adhabu ya haraka hutoka kwenye mtandao wenyewe. Video huzimwa sauti au huondolewa, na akaunti inayorudia kosa inaweza kufungwa, ikapotea pamoja na wateja waliokusanywa kwa miaka. YouTube ina mfumo unaolinganisha sauti ya kila video na kazi zilizosajiliwa humo. Mwenye wimbo anaweza kuizuia video au kuchukua mapato yake.

Hatari ya pili ni mahakama. Nchini Marekani, Universal na Sony ziliishtaki mwaka 2021 kampuni iliyokuwa ikitengeneza kinywaji cha Bang kwa video zake za TikTok zilizotumia nyimbo bila leseni, na mwaka 2022 mahakama ya Florida iliamua kuwa kampuni hiyo ilikiuka hakimiliki. Nyumbani Tanzania, Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe wanamuziki AY na Mwana FA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama milio ya simu bila idhini, uamuzi ambao kampuni iliukatia rufaa. Shauri hilo halikuhusu video, lakini msingi wake ni huohuo wa wimbo kutumika kibiashara bila ruhusa.

Imani zisizo na msingi

Inasemwa mara nyingi kwamba sekunde chache za wimbo ni halali. Sheria ya Tanzania haitoi idadi yoyote ya sekunde zinazoruhusiwa katika tangazo. Kumtaja msanii ni kumpa heshima anayostahili, ila hakuchukui nafasi ya ruhusa. Kununua wimbo mtandaoni humpa mnunuzi haki ya kuusikiliza tu. Hata redio inayosikika dukani wakati wa kurekodi inaweza kutambuliwa na mfumo, kwa hiyo ni vyema izimwe kwanza.

Nyimbo za asili zinahitaji uangalifu wake. Nyimbo za harusi za Kihaya na tenzi zinazoimbwa kwa enanga, ala ya nyuzi ya Wahaya, huhesabiwa kuwa hazina mwenyewe. Hata hivyo, sheria ya 1999 inalinda sanaa za jadi pia, na matumizi yake kwa faida, nje ya mazingira yake ya kimila, yanahitaji idhini ya mamlaka husika. Zaidi ya hapo, mtu akirekodi wimbo wa jadi, rekodi hiyo ina mwenyewe. Nyimbo za kwaya, ambazo ni nyingi Bukoba na Muleba, nazo zina watunzi na wamiliki wa rekodi.

Njia zilizo halali

Njia nyepesi ni kutumia maktaba za kibiashara za mitandao yenyewe, kwa kukumbuka kwamba muziki ulioruhusiwa TikTok si lazima uwe umeruhusiwa kwingine. Muziki wa leseni huria nao upo, ila baadhi ya leseni hizo hukataza biashara, hivyo masharti yasomwe kabla ya kupakua. Sauti halisi za kazi zinatosha pia: senene wakikaangwa, cherehani ikizunguka, mteja akieleza alichokipenda kwa ridhaa yake.

Njia yenye manufaa ya kudumu ni kumlipa msanii wa karibu. Kijana mwenye studio ndogo Kashai anaweza kutengeneza mdundo wa nusu dakika ambao utakuwa utambulisho wa duka kwa miaka. Makubaliano yaandikwe: nani mtunzi na nani mmiliki wa rekodi, wimbo utatumika mitandao gani, kwa muda gani, kama utaingia katika matangazo ya kulipia, kama unaweza kukatwa au kubadilishwa, na malipo ni kiasi gani. Wote waliochangia watie saini, na nakala ihifadhiwe pamoja na risiti, kwa kuwa mtandao ukihoji, karatasi hiyo ndiyo itakayomtetea mwenye duka.