Lipiko Halitulii

Pale Awasse, kaskazini mwa Msumbiji, njia zinagawanyika. Ukishika ya mashariki unateremka hadi baharini, Mocímboa da Praia. Ya kusini inakwenda Macomia. Ya magharibi inakupandisha Mueda, kwenye nyanda za juu za Wamakonde. Tushike hiyo ya Mueda, wajukuu zangu, maana huko wako mafundi wanaopambana na kazi ngumu: kuchonga kicheko cha mtu aliyekwisha kunyamaza.

Hebu fikirini. Mzee amepiga chafya. Bega limepanda, macho yamefumba, basi, imepita. Fundi naye ana gogo la mpingo, mti mzito unaozama majini, na patasi inaula kidogo kidogo. Mpaka hilo bega litokee, mzee mafua yamemwisha zamani.

Kwa hiyo fundi anachonga anachokikumbuka, na kumbukumbu haijambo kwa kutia chumvi. Pua inarefuka, shingo inapinda, mkono unaota mahali pasipo pake. Samaki Likankoa, Mmakonde aliyechongea Dar es Salaam, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa vinyago vya shetani, vyenye miili iliyojisokota hivyo. Mimi nikiviangalia naona watu waliokumbukwa usiku.

Lakini fundi wa lipiko ana ujanja wake. Lipiko ni kinyago cha kuvaliwa kichwani katika ngoma ya mapiko, vijana wanapotoka jandoni. Huchongwa kwa mti mwepesi. Mpingo ungemvunja mchezaji shingo. Nywele ni za binadamu kweli, zimegandishwa kwa nta. Mchezaji amefunikwa nguo mwili mzima, njuga zinalia, naye anachungulia kupitia mdomo wa kinyago. Ili aone mbele lazima ainue kichwa, na akikiinua, lile jitu linaonekana lina kiburi! Wakati wa ukoloni mafundi walimchonga hata Mreno. Sura ilitoka kwa fundi. Mwendo wa bwana mkubwa ulitoka kwenye miguu ya mchezaji. Ngoma ikinyamaza, bwana mkubwa kaondoka.

Kati ya 1958 na 1961 Margot Dias, Mjerumani aliyesomea piano na kuolewa na Mreno mtafiti, Jorge Dias, alikwenda huko na kamera ya filamu. Alirekodi na sauti pia. Namshukuru, maana ukiona lipiko ndani ya kabati la kioo la makumbusho, limetulia tuli, utadhani fundi alichonga maiti. Hata hivyo kamera nayo huona upande ilikoelekezwa tu. Waliokuwa nyuma yake, wakicheka au wakikimbia, hawamo.

Vita vilivyoanzia Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilifika Awasse pia, na watu wakahama. Anayekimbia hubeba mtoto na sufuria kabla ya kinyago. Kinyago kikiungua, kingine kitachongwa ikiwa yupo anayekumbuka lile jitu lilivyokuwa likitikisa mabega.

Sasa chukueni penseli. Mchoreni bibi yenu akicheka, ila ngojeni kwanza atoke chumbani. Mmoja ataanza na pengo la jino, mwingine na mikono inavyopiga mapaja. Atakayeanza na macho aje anieleze kwa nini.