Daktari No na Ufunguo wa Maabara

Jumamosi moja ya muhula huu tulionyeshwa bwaloni filamu ya zamani iitwayo Dr. No. Wenzangu wengi walitoka wakimsifu mpelelezi James Bond, jinsi apigavyo bastola na avaavyo suti. Mimi nilitoka nikimfikiria adui yake, kwa sababu ambayo wasomaji wataiona mbele. Basi nataka kueleza mtu huyu ni nani, mambo yake yana ukweli kiasi gani, na yatuhusu nini sisi wanafunzi.

Daktari No hakupata kuishi duniani. Alibuniwa na Mwingereza Ian Fleming katika kitabu kilichotoka mwaka 1958, na filamu ikaonyeshwa mara ya kwanza London mwaka 1962. Baba yake ni mmisionari Mjerumani, mama yake ni Mchina. Katika filamu yeye ni bingwa wa elimu ya atomiki, naye akaa katika kisiwa cha Crab Key karibu na Jamaica, kisiwa ambacho nacho ni cha kubuniwa. Zamani alikuwa mtunza hazina wa chama cha wahalifu huko China, akakiibia dhahabu ya dola milioni 10 na kukimbilia Marekani. Kisha akatoa elimu yake kwa mataifa ya Magharibi, yakamkataa; akaenda kwa yale ya Mashariki, nayo yakamkataa. Ndipo akajiunga na SPECTRE, chama cha siri ambacho kazi yake ni vitisho, kisasi na unyang'anyi. Kitabuni chama hicho hakimo. Huko Daktari No ashirikiana na Warusi.

Kazi yake ni kuzipotosha kwa redio roketi za Marekani zirushwazo kutoka Cape Canaveral. Je, lawezekana? Kwa sehemu, naam. Miaka ile baadhi ya roketi, mathalani Atlas iliyomchukua John Glenn kuizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, ziliongozwa kwa amri za redio kutoka ardhini. Kama vile mnong'ono wa mtu umezwavyo na kelele za jirani yake, ndivyo mawimbi dhaifu ya redio yamezwavyo na mawimbi yenye nguvu zaidi, mradi yawe ya masafa yale yale.

Nguvu za mtambo wake zatoka katika tanuri la atomiki lililo ndani ya bwawa la maji. Maji hayo hupunguza joto na kuzuia mionzi isiwadhuru watu. Tanuri la namna hii haliwezi kulipuka kama bomu la atomiki, lakini joto likizidi ghafula, maji hugeuka mvuke na kupasua kila kitu. Ajali ya namna hiyo ilitokea kweli huko Idaho, Marekani, tarehe 3 Januari 1961, ikawaua watu watatu. Katika filamu, Bond alitia tanuri joto kupita kiasi, na Daktari No akatumbukia katika maji yachemkayo. Mikono yake ilikuwa ya chuma, kwa kuwa ile ya asili ilipotea katika kazi ya mionzi. Akajaribu kushika vyuma apande, ikateleza. Elimu iliyompa nguvu ndiyo iliyomnyima mikono ya kujiokoa.

Msomaji aweza kusema, "Hayo ni hadithi tu." Laiti ingekuwa hivyo! Tarehe 20 Machi 1995, huko Tokyo, watu wa kikundi kiitwacho Aum Shinrikyo walitoa sumu ya sarini katika magari-moshi ya chini ya ardhi. Watu zaidi ya kumi walikufa na maelfu wakadhurika. Sumu ile haikutengenezwa na wajinga. Ilitengenezwa na watu waliosoma kemia na sayansi nyingine katika vyuo vikuu.

Sasa nieleze kwa nini filamu ile ilinichoma. Mimi ni mtunza ufunguo wa maabara yetu. Mwaka jana wenzangu watatu walinijia usiku bwenini. Walitaka niwatolee spiriti ya taa, niisafishe, wainywe siku ya mwisho wa muhula. Waliniahidi sukari na shilingi elfu kumi. Fedha haikunitikisa sana. Kilichonitikisa ni kwamba waliniita "Daktari", wakasema hakuna mwingine shuleni awezaye kazi ile. Walimu hawakuwa wamenisifu hivyo hata siku moja. Siku tatu sikuwajibu. Naona haya kuandika kwamba katika siku hizo nilikwisha kuchora vyombo katika daftari langu.

Siku ya nne nilisoma katika kitabu cha kemia kwamba spiriti ile huchanganywa na methanoli, na kwamba kiasi kidogo tu cha methanoli chaweza kumpofusha mtu au kumwua. Nikalichana lile karatasi, nikawaambia sitaki. Mmoja wao hasemi nami mpaka leo. Lakini anisomeapo kwa sauti gazeti la ukutani ili kunikejeli, naona kwamba macho yake ni mazima, nami nashukuru.

Kwa hiyo sidhani kwamba Daktari No alipotezwa na dhahabu. Alipotezwa na kiu ya kusifiwa. Walipomkataa wakubwa, akaenda kwa yeyote wa kumwambia kwamba yeye ni bingwa. Wahenga walisema, akili nyingi huondoa maarifa. Nawaomba wenzangu wa Kidato cha Kwanza mnaoanza kushika vyombo vya maabara: mtu akikuita Daktari kabla hujawa daktari, muulize kwanza ataka nini.