Kumwona jirani angani: uunde kifaa au ununue?

Rubani wa ndege ndogo anayetaka kuona kwenye tableti yake ndege zilizo karibu naye ana njia tatu za kutumia pesa. Anaweza kununua kifaa cha kiwandani kwa dola 300 hadi 800, anaweza kununua kilichoungwa na fundi kwa dola 250 hadi 400, au anaweza kukiunga mwenyewe mezani kwa dola 200 hivi. Hesabu hiyo ndiyo ya kwanza kutajwa popote jambo hili linapozungumzwa, nayo inapotosha. Vifaa vyote hivyo husikiliza tu. Humsikia anayesema, anayenyamaza havimjui, hata ungelipa bei gani.

Msemaji ni ADS-B. Ndege iliyofungwa mtambo huo hutangaza yenyewe, kama mara mbili kwa sekunde, mahali ilipo na kimo chake, kwenye masafa ya megahezi 1090. Marekani wana pia masafa ya pili, megahezi 978, kwa ndege zinazoruka chini ya futi 18,000. Kuyadaka matangazo hayo kulikuwa kazi ya mitambo ghali hadi mwaka 2012, wadadisi wa redio, akiwamo Antti Palosaari wa Finland, walipogundua kuwa kipokezi cha USB cha kutazamia televisheni kwenye kompyuta, chenye chipu ya RTL2832U, kinaweza kusoma mawimbi ya redio ya kila namna. Salvatore Sanfilippo, Mwitaliano aliyetengeneza hifadhidata ya Redis, akaandika programu ya dump1090 inayofasiri ishara za transponda, redio ya ndege inayoijibu rada, kwa kipokezi hichohicho. Mwaka 2015 Mmarekani Christopher Young akaunganisha mambo hayo na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, akauita mradi wake Stratux na kuutoa bure. Wakati huo kifaa cha kiwandani cha Stratus 2 kilikuwa kimeuzwa kwa dola 899.

Sasa vipande. Raspberry Pi 3 au 4 ni dola 35 hadi 55. Vipokezi viwili vya USB pamoja na antena zake, dola 40 hadi 60. GPS ya kuchomeka, 15 hadi 25. Kibao chenye baromita na vihisi vya mwinamo wa ndege, 20 hadi 30. Kasha na feni, 15 hadi 25, memori kadi, 8, pawabenki, 25. Jumla inaangukia kati ya dola 158 na 228. Anayekwambia ameunga chake kwa dola 100 huenda hakuihesabu pawabenki, au alikuwa na Raspberry Pi imelala kabatini.

Kulehemu hakuhitajiki sana. Vingi huchomekwa tu. Umakini unatakiwa kwenye antena. Urefu wake ni robo ya wimbi: ya 1090 ni kama sentimita 6.9 na ya 978 ni kama sentimita 7.7, tofauti ya kama unene wa penseli. Ukizibadilisha hakuna kitakachoungua wala taa kuzima. Utapoteza umbali wa kusikia tu, na hutajua kwa nini. Ndiyo maana kila kipokezi hupewa jina lake ndani ya chipu, stx:978:0 au stx:1090:0, ili programu ijue kipi ni kipi. Bandika na karatasi juu yake. Jina la ndani halionekani kwa macho.

Umeme nao una hesabu yake. Mtambo mzima hula wati 6 hivi. Pawabenki iliyoandikwa 10,000 mAh ina nishati ya saa-wati 37, na baada ya upotevu wa kupandisha volti unabaki na kama 31, yaani saa tano. Inatosha kwa safari ya kwenda na kurudi ya Cessna 172, ila kebo nyembamba za bei rahisi hushusha volti na Raspberry Pi hujizima na kuwaka tena ukiwa angani. Kwenye kebo usibane senti. Usibane kwenye feni pia: ukiweka kasha juu ya dashibodi chini ya kioo jua linapochoma, chipu ikifika nyuzi 80 hujipunguzia kasi yenyewe.

Upande wa kiwandani, Sentry Mini ya uAvionix huanzia karibu dola 300, na Sentry kamili ni kama dola 600. Soma karatasi ya ndani kabla ya kufurahia bei. Mini haina betri wala vihisi vya mwinamo, kwa hiyo pawabenki bado utanunua. Sentry kamili ina betri ya saa 12 na kipima hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, ambacho kwa ndege ya injini ya pistoni inayopasha joto kabini kwa bomba la moshi ni kitu cha maana kuliko watu wanavyodhani. Lakini zote mbili zimefungwa kwenye programu moja, ForeFlight, ambayo ada yake inapita dola 100 kwa mwaka. Miaka sita ya ada inafikia bei ya Sentry kamili yenyewe. Stratux huzungumza lugha ya wazi ya GDL90, na programu nyingi huielewa, ikiwamo Avare ya simu za Android ambayo ni bure na ina ramani za Marekani.

Kwa rubani wa Marekani asiyependa kushika bisibisi, mimi ningesema anunue. Tofauti ya dola 100 haimlipi jioni zake. Anayependa kuunga ataunga hata kama ingekuwa ghali zaidi, naye ana faida moja ya kweli: kipokezi kikifa ananunua kipokezi, ilhali betri iliyofungiwa ndani ya kifaa cha kiwandani ikichoka ni matengenezo ya kiwandani.

Ila rubani huyohuyo wa Marekani hudanganyika mahali pengine. Vituo vya ardhini vya huko hurusha picha ya rada, iitwayo TIS-B, ili hata ndege yenye transponda ya zamani ionekane kwenye tableti. Watu husikia hivyo wakadhani picha hiyo ni ya wote. Vituo huirusha kwa ajili ya ndege iliyo na ADS-B ya kutangaza tu, kwa eneo la maili 15 za baharini kuizunguka na futi 3,500 juu na chini yake. Mwenye kusikiliza pekee huokota makombo ya mwenzake: jirani mwenye mtambo akiwa karibu, tableti inajaa ndege; akiondoka, nusu yake inatoweka, na anga inaonekana tupu. Hakuna alama kwenye skrini inayosema kuwa picha imepungua. Ndiyo maana naona dola 600 za kifaa cha kusikiliza ni pesa iliyotangulia zamu yake kama ndege haijafungwa mtambo wa kutangaza. Mtambo huo ni kama dola 2,000 kwa ule wa kufunga kwenye taa ya bawa, na kama dola 5,000 kwa transponda mpya ya Garmin GTX 345, kabla ya malipo ya fundi. Tangu 1 Januari 2020 ni lazima katika sehemu kubwa ya anga inayoongozwa ya Marekani, na Stratux haihesabiki kabisa katika sharti hilo.

Ulaya nitapita haraka. Huko kuna lugha ya tatu, FLARM, iliyoanzia Uswisi mwaka 2004 kwa ajili ya ndege zisizo na injini, kwenye masafa ya megahezi 868, na toleo la Ulaya la Stratux linaongezewa redio ya kuisikia. Uingereza iliona mapema kwamba wa kusaidiwa ni msemaji: kuanzia Oktoba 2020 serikali ilirudisha nusu ya gharama, hadi pauni 250, kwa rubani aliyenunua kifaa kama SkyEcho 2, ambacho kinasikia na kutangaza pia, na ambacho unakitoa mfukoni bila fundi. Marekani hawakuruhusu kifaa cha mkononi kitangaze hivyo.

Sasa chukua Stratux uilete uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Masafa ya 978 hayana kituo wala msemaji huku. Hakuna picha ya rada inayorushwa, hakuna hali ya hewa ya bure inayoingia kwenye tableti kama huko Marekani. Kipokezi cha pili na antena yake ni mzigo, na kifaa cha kiwandani cha dola 600 kinakuuzia huduma ambazo ziko upande mwingine wa Atlantiki. Hapa hesabu inageuka na kuunga mwenyewe kunashinda waziwazi: Raspberry Pi, kipokezi kimoja cha 1090, GPS, kibao cha baromita, kasha, kadi na pawabenki ni kama dola 150, na ukiongeza usafirishaji na kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 Kenya au 18 Tanzania, weka dola 200.

Utaona nini? Ndege za abiria za mashirika makubwa, karibu zote. Ndege ndogo, inategemea kilichofungwa ndani yake. Yenye transponda ya Mode S bila ADS-B itaonekana kama onyo lisilo na upande: kifaa hukisia umbali kwa nguvu ya mawimbi, hakijui kama iko mbele au nyuma. Yenye transponda ya zamani zaidi, au iliyoizima, haipo. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya abiria aina ya Dash 8 na Cessna 172 ya mafunzo, zote zilizopaa kutoka Wilson, ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Wawili waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Tangu hapo swali la kifaa cha dola 200 limekuwa na uzito mwingine kwa wanaoruka eneo hilo, nami sitamuuzia mtu matumaini: kifaa kinamsaidia mtu kujua atazame wapi, macho na redio vinabaki kuwa kazi yake.

Kuna kipande kimoja ambacho wanaobana pesa hukitoa kwanza, nacho ndicho cha mwisho kutolewa katika nyanda za juu. Ni baromita. Ndege hutangaza kimo chake kwa shinikizo la kawaida la hektopaskali 1013. Kifaa kisicho na baromita hulinganisha kimo hicho na kimo chako cha GPS, na hivyo ni vipimo viwili tofauti. Nairobi, shinikizo la usawa wa bahari likiwa 1022, tofauti ni hektopaskali tisa, na kila moja ni kama futi 27. Jirani mliye naye kimo kimoja ataonyeshwa akiwa chini yako kwa futi 240 hivi, kila siku yenye shinikizo hilo, bila kosa lolote la programu. Kibao cha dola 20 ndicho kinachoondoa uongo huo.

Kama ndege yako inatangaza, ingiza pia anwani yake ya ICAO kwenye mipangilio, herufi na tarakimu sita. Za Kenya huanza na 04C na za Tanzania 080. Ukisahau, kifaa kitakusikia mwenyewe na kukuonyesha ndege iliyokung'ang'ania mkia, kimo kilekile, kasi ileile. Na usimsikilize fundi anayejitolea kukuongezea kitangazio cha 1090 cha kuunga nyumbani. Hicho kinasema uongo kwa rada na kwa ndege ya abiria iliyo juu yako, na hakuna bei inayokihalalisha.

Mwenye ndege isiyotangaza, na ana dola 200 tu mwaka huu, ningemwambia aende kwa fundi wa mitambo ya redio ya ndege aliyeidhinishwa aulize kwanza kama transponda aliyonayo ni ya Mode S inayoweza kuunganishwa na GPS ya kutangaza. Jibu likiwa ndiyo, aanze kuweka akiba ya hilo, na Stratux isubiri.