Jasho la Ng'ambo na Hesabu ya Mwezi wa Juni

Kwa jamaa wa Migori, mpaka si jambo la mbali. Mtu huondoka nyumbani alfajiri, akafika Isebania, akavuka hadi Sirari, na kabla ya jua kuchwa yumo Tarime au Musoma akitafuta riziki. Ndugu zao wa Homa Bay nao huifuata njia hiyo. Sisi wa pwani twaielewa safari yao, kwa kuwa Lunga Lunga na Taveta kuna wanaovuka vivyo hivyo.

Linalotushughulisha leo ni lile la baada ya kurejea. Tuchukue mfano wa fundi wa Migori aliyefanya kazi Mwanza miezi minane kwa kibali cha muda. Kila mwezi alikatwa kodi, nayo ikaingia hazina ya Tanzania. Sasa tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha marejesho ya kodi ya mwaka uliopita, imekaribia, na mkewe ndiye atunzaye karatasi za nyumba. Katika duka la intaneti anaambiwa: "Mama, andika sifuri. Mzee hakuchuma kitu Kenya."

Ushauri huo ni mwepesi, wala si sahihi. Sheria ya Kenya humhesabu kuwa mkaazi kila mwenye makao ya kudumu nchini aliyekuwapo humo hata kwa sehemu ya mwaka. Na mshahara wa mkaazi hutozwa kodi popote alipoupata. Kuandika sifuri, basi, ni kumtolea mume ushahidi usio wa kweli.

Hata hivyo, sheria haikukusudia raia atozwe mara mbili. Kodi aliyolipa ugenini kwa kazi yake hupunguzwa katika ile anayodaiwa hapa juu ya mshahara huo huo. Ikiwa hesabu ya Kenya ni shilingi 40,000, naye alikwisha kulipa Tanzania thamani ya 30,000, zitabaki 10,000. Akikosa uthibitisho, huenda akadaiwa zote 40,000: karo ya mtoto imekwenda kwa kukosa karatasi moja.

Kwa hivyo twawanasihi wasomaji wetu: kabla msafiri hajaagana na mwajiri, aombe barua inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa. Aihifadhi pamoja na stakabadhi za mshahara, nakala ya kibali na kurasa za pasipoti zenye mihuri ya mpakani. Akichelewa kuwasilisha, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Aliyekwisha kuandika sifuri asikate tamaa, kwani marejesho huweza kurekebishwa. Na aulize kwa maafisa wa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) wenyewe, si kwa mpita njia.

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto tumeviweka kabatini kwa uangalifu. Barua ya mwajiri na ikae papo hapo, kwani nayo ni amana ya nyumba.